Jambur, Gujarat: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Watu Wake na Njia za Kufika

Kila video ya Wasidi, yaani Wahindi wenye asili ya Afrika wanaoishi vijiji kama Jambur, inapozunguka kwenye simu zetu, maswali huja yaleyale. Watu hawa wako wapi? Wako wangapi? Mtu akitaka kuwatembelea anapitia njia gani? Majibu ya Kiswahili ni haba, na yaliyopo mara nyingi huchanganya kijiji na kabila, au sensa na orodha ya wapiga kura. Ukurasa huu ni wa Mswahili anayetaka kujua sawasawa, na zaidi ni wa yule aliyekwisha kuamua kwenda.

Jambur iko wapi hasa?

Iko Gujarat, magharibi mwa India, kwenye rasi ya Saurashtra inayochomoza katika Bahari ya Arabu. Kiutawala ni kijiji cha taluka ya Talala, wilaya ya Gir Somnath. Taluka ichukulie kama tarafa: ngazi iliyo kati ya kijiji na wilaya. Upande mmoja kuna msitu wa Gir, mahali pekee duniani ambapo simba wa Asia bado wanaishi porini. Upande wa pwani kuna Veraval, bandari ya wavuvi, na jirani yake ni hekalu la Somnath linalotembelewa na mahujaji wa Kihindu kutoka India nzima.

Nimetafuta Jambur kwenye sensa chini ya Gir Somnath, sikuiona. Haikuhesabiwa?

Ilihesabiwa. Tatizo ni kwamba wilaya ya Gir Somnath ilimegwa kutoka wilaya ya Junagadh tarehe 15 Agosti 2013, na sensa ya mwisho iliyokamilika ni ya 2011. Kwa hiyo takwimu zote za kijiji hiki katika sensa hiyo zimo kwenye vitabu vya Junagadh. Fungua Junagadh, shuka hadi taluka ya Talala, kisha tafuta jina la kijiji. Angalia pia tahajia, kwa sababu majina ya Kigujarati yakiandikwa kwa herufi za Kilatini hubadilika badilika, na kwenye shughuli za uchaguzi utakuta eneo hili linatajwa kama Madhupur Jambur.

Wasidi wako wangapi India nzima?

Sensa ya 2011 iliwahesabu 19,514 chini ya jina hilo katika orodha ya makabila yanayotambuliwa kisheria. Karnataka walikuwa 10,477, Gujarat 8,661, Daman na Diu 193, na Goa 183.

Namba hizo usizichukue kama idadi ya watu wote wenye asili ya Afrika nchini India. Zinahesabu walioorodheshwa kisheria tu, na orodha hiyo ina mipaka ya kijiografia. Gujarat, Msidi anatambuliwa kama mtu wa kabila lililoorodheshwa katika wilaya za Saurashtra: Amreli, Bhavnagar, Jamnagar, Junagadh, Rajkot na Surendranagar, kwa mipaka yake ya zamani. Msidi wa Bharuch, ambako ndiko liliko kaburi la Bava Gor, walii anayeheshimiwa kuliko wote katika jamii hii, yuko nje ya orodha. Karnataka nako utambuzi ulikuja mwaka 2003 na ukawahusu Wasidi wa wilaya ya Uttara Kannada. Hyderabad kuna wajukuu wa askari wa Kiafrika wa Nizam, mtawala wa zamani wa huko, nao hawamo kwenye hesabu hiyo. Ndugu wawili wa damu moja wanaweza kuwa mmoja ndani na mwingine nje kwa sababu tu ya mahali walipojenga. Jambo hili linaniuma, maana idadi ndogo kwenye karatasi huzaa bajeti ndogo.

Mbona kila ninaposoma nakuta idadi tofauti ya Jambur?

Kwa sababu kila mwandishi amehesabu kitu chake. Mmoja ametaja wakazi wote wa kijiji, wakiwemo majirani wasio Wasidi. Wa pili ametaja Wasidi wa kijiji peke yao. Wa tatu amechukua wapiga kura, yaani watu wa miaka 18 na kuendelea, akawaita wakazi, na watoto wote wakapotea. Hilo la tatu lilienea sana mwishoni mwa 2022, pale awamu ya kwanza ya uchaguzi wa bunge la Gujarat, tarehe 1 Desemba, ilipowaleta waandishi wa habari Jambur kutazama kituo maalumu cha kupigia kura kilichowekwa kwa ajili ya Wasidi. Wa nne amechukua Wasidi wa Gujarat yote na kuwamiminia kijiji kimoja.

Ukiona namba, uliza maswali mawili: imehesabu nani, na mwaka gani? Isipojibu, iache.

Nikipata jedwali la kijiji, nalisomaje?

Kila kijiji kina msimbo wa tarakimu sita na mstari mmoja mrefu. Safu za mwanzo ni kaya, jumla ya watu, wanaume, wanawake. Halafu zinafuata watoto wa miaka 0 hadi 6, watu wa tabaka zilizoorodheshwa, watu wa makabila yaliyoorodheshwa, wanaojua kusoma na kuandika, kisha wafanyakazi wa aina mbalimbali.

Safu ya makabila haitaji kabila. Inasema tu kwamba watu kadhaa ni wa makabila yaliyoorodheshwa. Mahali kama Jambur sehemu kubwa itakuwa Wasidi, lakini jedwali lenyewe halikuambii hivyo. Hesabu kwa jina la kabila hutolewa kwenye majedwali mengine ya ngazi za juu.

Kosa linalofanywa zaidi liko kwenye elimu. Kiwango cha kujua kusoma huhesabiwa kwa watu wa miaka saba na kuendelea. Kwa hiyo kabla ya kugawanya, toa kwanza wale watoto wa 0 hadi 6. Chukua mfano wa kubuni: kijiji cha watu 1,000, watoto wadogo 150, wanaojua kusoma 595. Ukigawanya kwa 1,000 unapata asilimia 59.5. Ukigawanya kwa 850 unapata asilimia 70. Kijiji ni kilekile, lakini hesabu ya kwanza imewavunjia watu heshima bila sababu.

Koma za Kihindi zinanichanganya. 1,21,08,54,977 ni ngapi?

Hapa Mswahili ana nafuu kuliko Mzungu. Wahindi huhesabu kwa laki, neno lilelile tunalolitumia sisi, na tulilichukua kwao. Baada ya tarakimu tatu za mwisho, koma huja kila baada ya tarakimu mbili. Laki ni 100,000 na laki mia moja ni karori moja, yaani milioni kumi. Kwa hiyo namba hiyo ni karori 121, laki 8, na ziada: watu 1,210,854,977, idadi ya India nzima mwaka 2011. Takriban watu milioni 833 kati yao walikuwa vijijini.

Sensa ya 2011 imekuwa ya zamani. Mpya itatoka lini?

Ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya Korona. Serikali ya India ilitangaza Juni 2025 kwamba sensa inayofuata itakuwa na siku ya rejea, yaani siku ambayo hesabu yote huihusu, ya 1 Machi 2027, isipokuwa maeneo ya theluji ambayo yamepewa 1 Oktoba 2026. Mara hii watu wataulizwa pia tabaka lao. Matokeo ya ngazi ya kijiji huchukua muda kutoka baada ya jumla za nchi, kwa hiyo usitarajie mstari wa Jambur siku ileile ya tangazo la kwanza.

Walifikaje huko?

Kwa bahari, kwa karne nyingi, na si wote kwa njia moja. Walikuwepo mabaharia na askari. Walikuwepo pia wengi walionunuliwa kama watumwa katika pwani yetu na Pembe ya Afrika, wakapitishwa Uarabuni au moja kwa moja hadi bandari za Gujarat. Wareno walishika Diu, kisiwa kilicho chini kidogo ya Gir, kuanzia 1535 hadi 1961, na wao walileta watu kutoka Msumbiji. Simulizi za Gir zinawaunganisha wazee wengi na utumishi wa Nawabu, mtawala wa zamani wa Junagadh.

Bahari hiyohiyo iliwaleta kwetu Wahindi wa Kathiawar, ndiyo Saurashtra yenyewe, na wa Kutch iliyo jirani. Majahazi ya Mandvi, bandari ya Kutch, yalikuwa yakija Unguja kwa pepo za kaskazi. Ukitembea Mombasa au Dar na kuona duka la mzee wa Kigujarati, jua kwamba kwao asili huenda si mbali na Jambur.

Je, wanasema Kiswahili?

La. Lugha yao ya nyumbani ni Kigujarati, na ukifika ukiwaanza kwa "hujambo" watakutazama kwa upole tu. Lakini sikiliza ngoma. Mchezo wao mkuu huitwa dhamaal, na pia goma. Moja ya ngoma zao inaitwa musindo, na mtu wa pwani hahitaji mkalimani kusikia msondo ndani yake. Kubwa kuliko zote ni mugarman, ngoma yenye miguu inayosimama chini. Mai Misra ni jina la walii wa kike anayesimuliwa kuwa dada yake Bava Gor, na pia ni jina la kayamba ya kifuu cha nazi kilichoviringishwa kitambaa, ambayo haichezewi ovyo kwa kuwa ina heshima yake. Mchezo ukipamba moto, mchezaji hurusha nazi nzima juu, akaipokea kwa utosi, ikapasuka. Wanaofanya hivyo wanakuambia ni baraka za walii, na si sarakasi.

Dargah ya Jambur, yaani kaburi la walii linalozuriwa, ni ya Nagarchi Pir. Jina lenyewe linatokana na nagara, ngoma kubwa ya kifalme. Kijiji kizima kimejengeka kando ya mpiga ngoma.

Nikitoka Afrika Mashariki, naanzia wapi?

Mumbai. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, na Shirika la Ndege la Tanzania lilifungua safari za Dar es Salaam hadi Mumbai mwaka 2019. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, vinginevyo uwanjani wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita. Kadi hiyo usiiweke ndani ya begi kubwa.

Kutoka Mumbai una njia mbili. Ya ndege: kuna viwanja vidogo vya Diu na Keshod, na kuna Rajkot, ambayo uwanja wake mpya wa Hirasar ulifunguliwa Julai 2023. Viwanja vidogo viko karibu zaidi ila safari zake ni chache na hubadilika kwa msimu. Rajkot ni mbali, unapita Junagadh kwanza, lakini barabara ni nzuri. Ya treni ndiyo ninayoipendekeza.

Treni ikoje?

Kituo chako kikubwa ni Veraval, au Somnath kilicho jirani. Kutoka Bandra Terminus, Mumbai, kuna treni ya kulala njiani inayokwenda mpaka Veraval. Ukianzia Ahmedabad, tangu 26 Mei 2025 kuna Vande Bharat, treni ya mwendo kasi inayotoka kituo cha Sabarmati hadi Veraval kupitia Rajkot na Junagadh.

Tikiti hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Kabla ya Novemba 2024 zilikuwa 120, kwa hiyo ushauri wa zamani umepitwa. Ukinunua, tazama hali ya tikiti yako. Ikiandikwa CNF, una kitanda. Ikiwa RAC, una haki ya kupanda ila utagawana nafasi na mwenzio mpaka kipatikane kitanda. Ikiwa WL, bado uko kwenye foleni, na orodha ya mwisho ikitoka jina lako halijapanda, tafuta njia nyingine. Nimeona watu wenye WL wakibishana na mkaguzi usiku wa manane na mizigo yao mlangoni, wakidhani kulipa ndiko kupanda.

Na ile reli ndogo ya msituni?

Hiyo ni ya mita moja, wakati reli kuu za India zina upana wa milimita 1,676. Inatoka Junagadh kupitia Visavadar na Sasan Gir hadi Talala, na Talala ndipo inapogawanyika, tawi moja Veraval na jingine Delvada. Mabehewa hayana mbwembwe. Nauli ni ndogo sana, watu hupanda na ndoo za maziwa na vikapu, na ndani ya msitu dereva hupunguza mwendo kwa ajili ya simba. India inaendelea kugeuza reli zake za mita moja kuwa pana, na kazi hiyo ikianza kipande hufungwa, kwa hiyo ulizia ratiba Junagadh siku moja kabla.

Kutoka Talala hadi kijijini?

Ni mwendo mfupi, na hapa ndipo utakapotumia kile ambacho Saurashtra inajulikana nacho: chhakdo. Mbele ni pikipiki, nyuma ni tela la magurudumu mawili lenye mabenchi. Abiria hukaa wakitazamana, magoti yanagusana, mzigo chini ya miguu, na kijana mmoja au wawili wananing'inia nyuma. Injini inapiga tak-tak-tak unayoisikia kabla hujaiona. Aliyezoea bajaji na chai maharage hatapata shida. Hulipi peke yako, mnachangia, na kinaondoka kikijaa.

Mabasi ya serikali ya jimbo yapo pia. Watu hawaiti shirika kwa jina lake refu, husema tu "ST". Ukiuliza stendi, sema hivyo utaelekezwa. Mabasi haya yanafika Talala kutoka Junagadh, Veraval na Sasan. Kwa kipimo, Junagadh hadi Sasan ni takriban kilomita 60, na Sasan hadi Talala takriban 15. Vibao vya mbele vimeandikwa kwa Kigujarati, basi muulize kondakta. Neno "gadi" kwao ni gari, na "tikit" huhitaji kufundishwa.

Panga kurudi mapema. Jioni magari yanapungua, na hii ni nchi ya simba.

Simba ni hatari kweli?

Hesabu ya 2025 ilikuta simba 891 Gir na maeneo ya jirani, kutoka 674 mwaka 2020, na wengi wanatembea nje ya mipaka ya hifadhi, mashambani na kandokando ya barabara. Wenyeji wameishi nao vizazi na vizazi. Wewe si mwenyeji. Usitembee kwa miguu usiku, na usishuke kwenye chhakdo kupiga picha.

Msimu gani ni mzuri?

Novemba hadi Februari hali ya hewa ni ya baridi kiasi. Masika yao huanza katikati ya Juni, na hifadhi ya Gir hufungwa 16 Juni hadi 15 Oktoba. Aprili na Mei joto ni kali, lakini ndio msimu wa embe kesar, zao lililoipa Talala jina. Wakati huo magari yote yamejaa masanduku ya maembe na nafasi ni ya kugombania. Wasidi wengi hupata vibarua mashambani humo. Kesar ikiiva, sehemu ya ndani inakuwa na rangi ya zafarani, na jina lake maana yake ndiyo hiyo. Na wao huliita tunda hilo "keri", ingawa "embe" letu nalo lilitoka kwao.

Barabara za vijiji hivi zinajengwa na nani?

Tangu 25 Desemba 2000 India ina mpango wa kitaifa wa barabara za vijijini, ambao mwanzoni ulilenga makazi ya watu 500 na zaidi kwenye tambarare, na 250 kwenye milima, majangwa na maeneo ya makabila. Hapo unaona kwa nini hesabu ya watu si mchezo: kitongoji kikihesabiwa 240 badala ya 260, lami inapita kwingine. Novemba 2023 ulianzishwa mpango mwingine, PM-JANMAN, kwa ajili ya makabila yaliyo katika hali ngumu zaidi, na kwa barabara umeshusha kiwango hadi watu 100. Wasidi wa Gujarat wamo kwenye kundi hilo.

Nikifika, adabu ni ipi?

Usiende kutazama watu. Magari ya watalii wa simba hupita, yanasimama, watu wanashuka wakitaka "Waafrika" wawachezee dakika kumi. Hawa ni raia wa India, wamezaliwa hapo, na babu zao wamezikwa hapo. Wengi wao ni Waislamu, kwa hiyo salamu alaykum inafungua mlango. Anzia dargah, kaa, kunywa chai utakayopewa. Wanaume huongezewa "bhai" mwishoni mwa jina na wanawake "ben", nawe fanya hivyo. Picha iombwe. Mkichezewa dhamaal, lipeni kama mnavyolipa kikundi cha ngoma nyumbani, tena kwa mkuu wa kikundi, siyo kumtupia mtoto noti.

Kuna mtu wa Jambur ninayeweza kusoma habari zake kabla ya kwenda?

Yuko Hirbaiben Lobi, mwanamke wa hapo aliyepewa nishani ya kitaifa ya Padma Shri mwaka 2023 kwa kazi yake ya kuwainua wanawake wa Kisidi. Alianza na mambo ya kawaida kabisa: mbolea ya asili, akiba za vikundi, watoto kwenda shule. Ukimsoma, utaelewa kijiji kuliko kwa video mia moja za nazi zikipasuliwa kichwani.

Nikiwa na siku ya ziada, niende wapi?

Sirwan, kijiji kingine cha Wasidi ndani ya Gir, ukipata mwenyeji wa kukupeleka. Ukielekea Mumbai kwa barabara, katiza Bharuch, nenda Ratanpor kwenye kilima cha Bava Gor. Hapo ndipo palipochimbwa akiki kwa karne nyingi, na wenyeji wanasimulia kwamba walii mwenyewe alikuja kutoka Afrika akiwa mfanyabiashara wa mawe hayo. Alhamisi ndiyo siku ya ziara katika madargah ya India, kwa hiyo tenga siku hiyo, na fika kabla ya magharibi.